Vitabu Vilivyokatwa Mikia

Watoto wangu, mkisikia watu wa mtaa wa Mikelenge wanasema Mama Mauwa alikuwa anaharibu vitabu, waambieni wafunge kinywa. Sikuharibu hata kimoja. Nilikata mikia tu, tena kwa wembe mpya.

Kazi yangu ilikuwa kuazimisha vitabu vya polisi, zile roma, riwaya za zamani za Kifaransa ambamo mtu anakutwa amekufa kwenye ukurasa wa kumi, na inspekta mwenye koti anauliza watu maswali mpaka anamtaja muuaji. Niliifanya miaka zaidi ya thelathini hapa Kasuku, mjini Kindu, karibu na stesheni ya treni, kwenye baraza ya nyumba yangu. Meza moja, katoni za vitabu, kiti kimoja cha mbao. Sasa nimestaafu, kama mtu anaweza kustaafu kazi ambayo hakuna aliyemwajiri.

Aliyenifundisha ni Papa Kalonda. Alikuwa mtumishi wa behewa la chakula kwenye treni, enzi treni ilipokuwa na behewa la chakula. Abiria wakubwa walikuwa wakisoma njiani, wakifika wanashuka na masanduku yao na kuacha kitabu kwenye kiti. Papa Kalonda akawa anaviokota. Magoti yalipomchosha, akawa ananiletea katoni moja moja, akaniambia: "Mauwa, watu wa Kindu wanapenda kitabu kuliko kukirudisha. Kata mukia."

Mkia ni sura ya mwisho. Unaikata, unaiweka kwenye mkebe, unaandika namba. Mteja anakwenda na kitabu nyumbani, anasoma mpaka pale inspekta amewakusanya wote sebuleni, amekohoa, amefungua kinywa. Hapo wembe umepita. Mteja anarudi mwenyewe, mbio, bila kuitwa. Ananipa kitabu, ninampa mkia, anakaa kwenye kile kiti mbele yangu na kuusoma.

"Muntu anaweza kuiba kitabu," Papa Kalonda alisema. "Lakini kitabu chenye hakina mwisho, atakipeleka wapi?"

Nimeona mengi kwenye kiti kile. Nimeona wanaume wazima wakisimama na kupiga kelele "Hapana!" kama wameletewa habari ya msiba. Mke wa pasta mmoja alimaliza mkia, akaurudisha, akafuta macho, akasema yule muuaji alistahili kuolewa na mtu mwingine tangu mwanzo. Niliwaheshimu wote. Mtu anayesoma mwisho hapendi kusemeshwa.

Lakini kukata ni kazi, si kuchana. Kitabu changu cha kwanza nilikikata ukurasa mmoja baada ya pale palipofaa. Inspekta alikuwa amekwisha kumtaja muuaji. Kitabu kile kilivuka mto mpaka Alunguli, na hadi leo kiko Alunguli. Papa Kalonda hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Ulisoma mbele ya kukata?" Sikuwa nimesoma. Tangu siku ile sikukata kitabu ambacho sikukisoma chote. Elimu yangu yote mnayoiona ilitoka hapo.

Sasa ninyi mna simu. Mnafikiri kutafuta kitabu ni kuandika jina na kubonyeza. Haya, bonyezeni. Mtaletewa kitabu ambacho mmekwisha kukisoma, kwa jina lingine. Watoaji wa vitabu wa Ulaya wana tabia hii: kitabu kikiuzika vibaya, wanakibadilisha jina na jalada, wanakiuza tena kama bibi harusi. Kwa hiyo usiamini jalada. Mwambie muuzaji akupigie picha ya ule ukurasa wa ndani wenye maandishi madogo, ule ambao hakuna anayeusoma. Hapo ndipo jina la kwanza la kitabu linapojificha. Na muuzaji akiandika kwamba kitabu kiko "katika hali ya kutosha", muulize: ya kutosha kufanya nini? Muombe picha ya ukurasa wa mwisho. Ikifika, funika maneno kwa kidole gumba, soma namba ya ukurasa tu, ujue kama kurasa zimetimia. Mimi nimewahi kusahau kidole. Ilinichukua mwaka mzima kusahau lile jina la muuaji nililoliona, na hata sasa nalikumbuka.

Haya yote sikuyajua nikiwa kazini. Niliyajua uzeeni, kwa sababu ya uongo wangu mmoja. Nitausema.

Wakati wa vita treni ilisimama. Barabara zikafa. Mji ukawa umefungwa, na kila kilichoingia kiliingia kwa mtumbwi, kwa kinga, ile baiskeli ya mizigo, iliyosukumwa kutoka Kibombo ikiwa na magunia ya mpunga juu yake mpaka huwezi kumuona msukumaji, au hakikuingia. Kitabu kipya nani atakisukuma? Tukabaki na katoni zangu. Watu walisoma kuliko wakati wowote, maana hapakuwa na kazi wala pa kwenda. Kitabu kimoja kilisomwa na nyumba nane.

Komanda mmoja wa kizuizi alikuja kutaka mkia kabla hajarudisha kitabu. Yeye alikuwa na bunduki, mimi nilikuwa na wembe. Nikampa mkia. Aliusoma, akafurahi, akarudi kizuizini. Kila aliyepita pale, mwenye kuni, mwenye muhogo, alitazamwa karatasi zake na kuambiwa: "Pita. Ni mupishi njo aliua," yaani mpishi ndiye muuaji wa kitabu chake. Katika vita ile nimeona mambo ambayo sitawaambia. Lakini kitabu kile nilikiona kikifa hadharani.

Njaa ilipozidi nikaanza kukaanga karanga na kuziuza kwenye vipakiti vya karatasi. Nilianza na magazeti. Yakaisha. Nikaenda kwenye madaftari ya shule, nayo yakaisha. Nikachana dibaji za vitabu, maana dibaji haijawahi kumkosesha mtu usingizi. Asubuhi moja, watu wamejaa barazani wakitaka karanga, mkono wangu ukaingia kwenye mkebe wa mikia. Nilitwaa karatasi za juu bila kutazama. Nilipotazama, zilikuwa zimekwenda sokoni zikiwa na chumvi.

Ulikuwa mkia wa Kitabu cha Saa.

Ndivyo tulivyokiita, maana jalada na kurasa za mwanzo vilikuwa vimetoka na jina halikujulikana. Kilikuja katika katoni ya mwisho ya Papa Kalonda, wiki chache kabla ya treni kusimama, akiwa amekikata yeye mwenyewe. Baada ya hapo akafariki. Mimi nilikuwa nimekisoma mpaka kwenye wembe, nikauacha mkia bila kuusoma. Nilijiwekea, kama mtoto anavyoweka kipande cha nyama pembeni ya sahani. Katika nyumba yote ulikuwa mwisho pekee nisioujua, na siku zile kuwa na kitu kimoja cha kungojea haikuwa jambo dogo.

Kitabu chenyewe kilikuwa mikononi mwa ndugu wawili wa Mikelenge, Ramazani na Sumaili, tumbo moja. Ramazani ndiye mkubwa, fundi cherehani, mtu wa kukata maneno ya watu: ndoa, mipaka, mbuzi aliyekula mihogo ya jirani, yote yalimalizikia kwenye cherehani yake. Sumaili mdogo wake alitengeneza viti na milango, na aliongea kidogo. Walikuwa wanasomeana kile kitabu kwa zamu, hadharani, na mtaa mzima unasikiliza. Ndani yake, mwenye kinu cha maji kando ya mto ameuawa chumbani, saa ya ukutani imesimamishwa. Ramazani akasema muuaji ni daktari: nani mwingine anajua kuua vizuri namna ile? Sumaili akasema ni dada wa marehemu. Akaulizwa kwa nini. Akasema: "Kila muntu mu ile nyumba anauliza ni saa ngapi. Ule dada hajauliza hata mara moja." Mtaa ukagawanyika. Nawaambia, watu walikuwa na njaa, na walikuwa wanabishania daktari.

Wakaja kwangu wote wawili kuchukua mkia, na nyuma yao watu kama thelathini.

Ningesema kweli. Ningesema: samahani, nimeufungia karanga. Lakini fikirini. Siku watu watakapojua kwamba mkia unaweza kupotea, nani atarudisha kitabu? Na kulikuwa na aibu, aibu ya kweli, ya kuufanyia mkono wa Papa Kalonda jambo kama lile. Nikasema mkia umeliwa na mchwa, lakini niliusoma kabla.

"Sema basi, mama," Ramazani akasema. "Nani njo aliua?"

Alikuwa amenikazia macho. Sumaili alikuwa anatazama chini. Kwetu mkubwa haambiwi mbele ya mdogo wake kwamba amekosea, labda ndani, mlango umefungwa, na chai iko mezani. Pale palikuwa na watu thelathini na hapakuwa na chai.

Nikasema: "Daktari."

Kelele zilizopigwa! Ramazani alibebwa mpaka kwake. Sumaili aliinua macho, akaniangalia kidogo, akaenda. Nilidhani yamekwisha.

Hayakwisha. Wakaanza kumwita Sumaili "Zuzi", jaji, kwa kumcheka. Akisema mvua itanyesha: "Ngoja, zuzi ametoa hukumu!" Ramazani hakuwakataza. Halafu familia ikakaa kuhusu lupango, kiwanja cha baba yao, kama kiuzwe au kisiuzwe. Sumaili akasema kisiuzwe, vita itakwisha, watoto watahitaji pa kujenga. Alikuwa na maneno mazuri, nimeambiwa. Ramazani akamjibu mbele ya wajomba: "Wewe, hata muuaji wa kitabu alikushinda." Wakacheka wote. Lupango likauzwa. Baada ya siku chache Sumaili akafunga misumeno yake kwenye kinga na kuelekea Punia. Huko akachimba kasiterite, madini ya bati, akaoa, akakaa. Kindu hakurudi. Yeye na kaka yake wakawa watu wa salamu za Idi na habari za misiba.

Mimi niliendelea kuazimisha vitabu. Kila nikipita Mikelenge nilipita upande wa pili wa barabara.

Vita ikaisha. Kitabu cha Saa, kile kisicho na mkia, kiliporudi kwangu kikaliwa na mchwa kweli, na niliona wamenitendea haki. Miaka ikapita. Mtoto wa dada yangu, Zawadi, anayekaa Kinshasa, akanitumia simu kubwa. Nikajifunza kutafuta. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi sikutaka kuzikwa nikiwa mtu pekee anayejua kwamba Sumaili hakushindwa na chochote, alishindwa na mimi.

Lakini utatafutaje kitabu kisicho na jina wala mwandishi? Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nilichokumbuka ni mgongo wa kitabu, ambapo kipande kidogo cha karatasi kilikuwa kimebaki, na juu yake kobe amebeba taa. Hiyo ilikuwa alama ya watoaji. Nikakuta tovuti ya mzee mmoja wa Ulaya aliyekusanya vitabu vyote vya kobe yule, ameviweka kwa mpango, jalada kwa jalada. Mtu mwenye akili timamu, au mjane. Nikatazama mamia ya majalada. Moja lilikuwa na saa. Nikashangilia peke yangu jikoni. Zawadi akaagiza, nikangoja miezi. Kufika, maiti ni mwingine, kinu hakuna, saa yenyewe ni ya mfukoni. Liandikeni hili: mchoraji wa jalada huwa hajasoma kitabu.

Nikawaandikia watoaji. Ile nyumba ya kobe ilikuwa imemezwa na nyumba nyingine, nayo ikamezwa na kubwa zaidi, kama samaki wa Lokandu. Kubwa ile ikanijibu kwa adabu kwamba inashukuru kwa upendo wangu kwa vitabu, na kumbukumbu za zamani haina. Tangu siku ile, kila mwezi, inanitumia habari za vitabu vipya vya kupika keki. Oven sina.

Ndipo nikafikia maduka. Kuna maduka huko yanauza vitabu vya polisi tu, hakuna kingine, hata Biblia hakuna. Nikaliandikia moja la Liège. Nikaeleza kinu, saa, daktari, dada, kobe. Barua ikawa ndefu kuliko simu. Kesho yake mwenye duka, mama mmoja, akanijibu mistari miwili. Mstari wa kwanza ulikuwa jina la kitabu. Wa pili ulisema anacho kimoja, kizima, na kurasa zote amezihesabu.

Nikamwandikia palepale: mama, nakiagiza, lakini tafadhali niambie sasa hivi nani aliua, ni jambo la familia za watu.

Akajibu: "Mama, mimi sijawahi kumharibia mtu kitabu, na leo sitaanza."

Nilikasirika mpaka nikaacha mboga ya sombe ikaungua. Halafu nikamheshimu. Yule ni mtu wa kazi.

Kitabu kikatoka Liège kwa posta mpaka kwa Zawadi, kikapanda ndege kuja Kindu ndani ya sanduku la mama aliyekuja arusini, kimefungwa kwenye nguo ya kikwembe. Nilikipokea asubuhi. Nilikwenda kukaa kwenye kile kiti cha mbao cha wateja, maana niliona si haki kukaa upande wangu wa meza. Nikasoma sura ya mwisho.

Inspekta amewakusanya wote sebuleni. Anakohoa. Anamgeukia dada wa marehemu, anamwambia: bibi, katika nyumba hii wewe peke yako hukuwahi kuuliza ni saa ngapi.

Yalikuwa maneno ya Sumaili, sawasawa. Nililia, na sioni haya kuwaambia. Mtu yule alikuwa ameona alichoona inspekta, kwenye baraza ya Mikelenge, tumbo tupu, na mimi nikamfanya mjinga kwa neno moja.

Nikafunga kitabu, nikavaa vizuri, nikaenda Mikelenge. Safari hii sikupita upande wa pili.

Ramazani amezeeka lakini bado anashona. Alinikaribisha, akaita chai. Nikamwambia yote kabla chai haijafika, maana nilijua ikifika nitanywa na kuondoka. Karanga. Mchwa. Daktari. Hakusimamisha cherehani mpaka mshono ulipofika mwisho.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Sikujua. Nilisema tu."

"Sababu ya nini?"

"Sababu uliniangalia, mzee. Na watu walikuwa pale."

Sauti yake ikapanda. "Miaka hii yote, Mauwa! Miaka hii yote nimesimama juu ya neno lako! Ndugu yangu aliondoka!"

"Najua. Nihukumu unavyotaka."

Akanyoosha mkono, nikampa kitabu. Akavaa miwani, akasoma sura ya mwisho polepole, kidole chini ya mstari. Akairudia. Chai ikaja, ikapoa. Mwishowe akasema: "Hata inspekta anaweza kukosa."

"Mzee, inspekta hakosi. Kitabu ni chake."

Akatazama ukuta. Nilidhani atanifukuza. Badala yake akaingiza mkono mfukoni, akatoa simu, akatafuta namba kwa muda mrefu. Hakuwa mzoefu wa namba ile. Akaweka sauti ya nje, maana masikio yake yamepungua, akaishika mbele ya kinywa kama anataka kuiuma.

"Yaya," sauti ya Sumaili ikamwita kaka yake. "Nani amekufa?"

"Hakuna muntu amekufa."

Ramazani akavua miwani.

"Kile Kitabu cha Saa," Ramazani akasema. "Mauwa amekileta, kizima. Ni ule dada njo aliua. Sababu hakuuliza saa. Ulisema kweli. Mimi njo nilikosa. Na lupango pia."

Nilidhani simu imekatika.

"Yaya, rezo ya simu iko mubaya," Sumaili akasema. "Sema tena."

Jueni kwamba Ramazani katika maisha yake hakurudia neno. Ukimkosa mara ya kwanza, umemkosa. Akarudia yote, tangu dada mpaka lupango, kwa sauti kubwa zaidi.

"Sisikii muzuri. Sema tena."

Ramazani akasimama. Akatoka mpaka barazani, simu mkononi, mimi nyuma yake. Watu waliokuwa wakipita wakageuka. Jirani akaacha kutwanga. Naye akapaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikamtoka: "Mimi njo nilikosa! Mudogo wangu alisema kweli!"

Nilikuwa nimesimama karibu naye. Kwenye simu nilisikia wazi kuku wa Punia akidonoa kwenye bati. Nilisikia mtoto akiuliza "Papa, njo nani?" Nilisikia Sumaili akivuta pumzi, na akipenga kamasi.

"Bado, yaya," akasema. "Sema tena."